Konokono Ana Chumba Kimoja

Pazia! Jamani, kila kitu kilianza na pazia.

Felician aliingia darasa la ushonaji pale misheni ya Ushirombo wasichana wengine wakiwa wameshatoka, akaweka kipande cha amerikani juu ya cherehani ya Coletha. Masikio yalikuwa yanamuwaka.

"Nishonee pazia la gari."

"Gari la padri lina mapazia yake, Fely. Ya maua, yametoka Ulaya."

"Yale ni ya madirishani. Hili nataka likae nyuma ya mgongo wangu, kati ya kiti cha dereva na kule ndani. La kuzuia vumbi."

Coletha akamwangalia. Dereva anayeogopa vumbi, mwaka sabini na saba, kwenye barabara zetu zile! Si bora aogope hewa?

"Vumbi gani linatokea ndani ya gari likamfuata dereva?"

Felician akajikuna kichwa. "Mama yako anasafiri na sisi."

Moyo wa Coletha ukafanya paa!

Ngoja nikueleze kama hujakulia kwetu. Mama mkwe kwetu ni moto. Mwanaume hampi mkono. Hali naye chungu kimoja. Akikutana naye njiani anaingia porini kidogo, anamwacha apite, halafu ndo anamsalimia kwa mbali huku anaangalia kwingine. Na kukaa naye chumba kimoja, paa moja? Thubutu! Hilo halitaniwi. Na si chuki, ni heshima. Ni namna ya mwanaume kusema bila kufungua mdomo: mama, binti yako namtaka kweli, sina mchezo.

Sasa Felician hata posa alikuwa hajapeleka! Mama Stanslaus, yaani Febronia, mama mzazi wa Coletha, alikuwa hajui kitu. Kwake yeye Felician alikuwa dereva wa padri, basi. Lakini kijana alishaanza kumkwepa kama mkwe aliyemaliza mahari.

"Unaogopa mkwe wa hewani," Coletha akamcheka.

"Wa hewani leo. Baada ya mavuno natuma mshenga." Akashusha sauti. "Halafu uache kauwazi kadogo hapa, usawa wa kioo."

"Kauwazi? Vumbi si litapita?"

"Hako kavumbi nakataka."

Uwii! Coletha alilishona pazia lile lote akitabasamu peke yake kama chizi.

Gari lenyewe watoto wa Ushirombo walikuwa wanaliita Konokono, kwa sababu lilitembea na nyumba yake. Ilikuwa kombi ya Padri Marcel, imekuja na meli kutoka kwao, ndani ina vitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, na paa ukilisukuma linainuka kama mwavuli. Padri alikuwa ametangulia milima ya Ngara, huko dada mkubwa wa Coletha, Sista Tereza, alikuwa anaweka nadhiri za daima. Alimwachia Felician maagizo: niletee gari, uwalete na mama wa sista na mdogo wake, walale humo humo njiani, wasihangaike. Kaka yao Stanslaus alibaki nyumbani na mke wake mpya, Paskazia, ambaye tumbo lilishakuwa kubwa hata kuinama hawezi.

Siku ya safari Mama Stanslaus alilizunguka Konokono taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akachungulia ndani.

"Mayu wee! Nyumba gani hii, jiko liko miguuni pa kitanda? Na choo?"

"Choo ni pori, mama," alijibu Felician, akiwa kule mbele anaongea na tairi.

"Afadhali gete, kweli. Nilidhani wazungu wamekiweka chini ya mto."

Coletha alicheka mpaka akashika mbavu. Hiyo asubuhi aliipenda. Aliipenda yote: mama yake na kitenge kipya, kuku wawili wa zawadi ya sista kwenye tenga, na kwenye kioo cha dereva, kupitia kile kiuwazi alichokishona mwenyewe, jicho moja la Felician. Jicho moja tu. Linapotea kwenye kona, linarudi. Wamepita Runzewe linamwangalia. Wameingia miombo mirefu ambako husikii kitu zaidi ya injini, bado linamwangalia. Kila likimkuta, Coletha anageukia dirishani, anahesabu miti, anasahau hesabu.

"Unacheka nini?" mama yake akauliza.

"Miti, mama."

"Miti imekuchekesha."

Lakini, msomaji wangu, yule mama hakuwa mjinga.

Lusahunga walisimama kula. Felician akafungua mlango wa pembeni, halafu akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Felician," mama aliita, "nipe mkono nishuke. Hii ngazi yenu ya kuku siiwezi."

Felician akababaika. Akachukua kasha la mbao la vifaa, akaliweka chini ya mlango kama ngazi, akarudi nyuma tena.

"Kanyaga hapo mama. Mimi mikono ina grisi."

Mama Stanslaus akaiangalia ile mikono. Ilikuwa misafi kama ya padri kwenye misa. Akashuka mwenyewe. Na chakula kilipoiva, akaona yule kijana anachukua sahani yake anakwenda kula nyuma ya gari, amekalia dumu la petroli, amewapa mgongo.

"Huyu dereva ana aibu ya nini?"

"Ndivyo alivyo, mama. Kakulia misheni," Coletha akasema haraka. "Ngoja nimwongezee mboga."

Alimkuta anatafuna akiangalia barabara.

"Fely, punguza. Mama anakuona."

"Nipunguze heshima?"

"Mtu hata mshenga hajatuma! Utaonekana."

"Sikiliza, Coleti." Alikuwa akimwita hivyo wakiwa wawili. "Mimi sina baba wa kunifundisha jinsi ya kuoa. Sina mjomba. Nilichonacho ni haka kaheshima. Nikikaacha, nabaki dereva wa konokono."

Coletha akakaa kwenye majani karibu yake, si karibu sana. "Hujawahi kuniambia mama yako alikwenda wapi."

"Hajafa." Felician akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Shangazi yangu alimkimbia mume wake. Alimpata mwingine, akampenda, akaenda zake. Wakwe wakaja kudai ng'ombe wao. Na ng'ombe hao ndo baba alikuwa amemuolea mama. Sasa babu afanyeje? Akaenda kwa wazazi wa mama akawachukua ng'ombe, na mama akarudishwa kwao. Mimi nikabaki mlangoni nalia. Baba hakuniweza, akanipeleka kwa mapadri, hakurudi tena."

"Pole, Fely."

"Shangazi ananipenda sana. Kila Krismasi ananiletea karanga." Akasukuma sahani. "Mi karanga sili."

Coletha alitaka kumshika mkono. Alijizuia, kwa sababu kutoka upande wa pili wa gari mama yake alikuwa ameacha kukohoa kikohozi chake cha siku zote. Mama Stanslaus akiwa hakohoi, ujue anasikiliza.

Baada ya Nyakahura nchi ikainuka. Si kidogo! Mtu wa Ushirombo amezoea tambarare, anayekuja anamwona akiwa bado mbali kama sisimizi. Huku milima ilikaa imebanana, ya majani matupu, kijani mpaka juu, migongo na migongo kama kundi la ng'ombe limelala. Ukungu ulikuwa chini, barabara juu. Konokono alikuwa anapanda anakoroma.

Mama Stanslaus aliweka kiganja kwenye kioo.

"Mayu! Dunia imekunjwa."

"Nzuri eeh, mama?"

"Mimi tangu nizaliwe mwisho wangu Masumbwe, nilikwenda kuuza karanga nikarudi." Aliongea taratibu, hajamwangalia binti yake. "Ndo maana nilimuomba padri na wewe uje. Padri alitaka mimi tu. Nikasema hapana, na huyu aone. Aone kitu hata mara moja kabla…"

"Kabla ya nini?"

"Kabla mvua haijatukuta. Angalia wingu lile."

Coletha akaangalia wingu. Lilikuwepo kweli, jeusi. Lakini lile neno lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Kabla ya nini?

Mvua ikaja saa ya jioni jioni, jua bado liko pembeni. Haikunyesha, ilimwagwa! Barabara ikawa uji mwekundu. Konokono akateleza, akarudi nyuma, akakita tairi kwenye mfereji, akanyamaza. Felician akaruka nje. Walimsikia anasukuma mawe chini ya magurudumu, anajisemea. Halafu sauti yake ikatoka nje ya bati:

"Tumekwama! Hatutoki mpaka ikatike! Nyie laleni tu humo!"

"Na wewe?" Coletha akapiga kelele.

"Mi nipo!"

Alikuwa ametandaza turubai chini ya gari, amejikunyata katikati ya magurudumu. Sasa elewa: gari likitembea ni gari, na pazia lilikuwepo. Lakini gari limesimama, jiko limewashwa, vitanda vimetandikwa, mama amevua viatu. Hapo si gari tena. Hapo ni nyumba. Na nyumba hiyo ina chumba kimoja.

Ikaanza mvua ya mawe. Paa likawa linapigwa kama ngoma.

Mama Stanslaus akafungua mlango kidogo. "Felician! Ingia ndani!"

"Niko sawa, mama!"

"Maji yanateremka chini ya gari, nayaona!"

"Nimezoea!"

"Umezoea barafu? Umezaliwa kwenye barafu wewe? Ingia!"

"Asante, mama! Wabeja! Nimezoea!"

Mama akafunga mlango. Akarudi kwenye sufuria ya ugali, akakoroga. Akakoroga muda mrefu. Halafu, bila kugeuka:

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mama?"

"Tangu lini huyu kijana ni mkwe wangu?"

Coletha akaanza kupanga upya mito iliyokwisha kupangwa.

"Mkono hanipi," mama akaendelea. "Chakula anakula nyuma ya gari. Ametundika shuka nyuma ya kichwa chake eti vumbi. Sasa mawe ya mbinguni yanamponda na haingii chini ya paa nilipo. Dereva gani anafanya hivyo? Hata mume wa binti wa dada yangu hajawahi kunikwepa hivi, na yule alitoa ng'ombe. Sema."

"Mwaka wa pili, mama." Halafu maneno yakamtoka kwa haraka, yanasukumana. "Nampenda. Ananipenda. Hajanigusa vibaya, naapa kwa Bikira Maria. Atatuma mshenga baada ya mavuno, alitaka kuja vizuri, mama, kwa heshima, umeona mwenyewe heshima yake!"

"Nimeiona." Sauti ya mama ilikatika kidogo. "Mungu wangu, nimeiona. Ndo ubaya wenyewe."

Akazima jiko. Akakaa kitandani, mikono kwenye magoti.

"Coletha. Ng'ombe wa kumwolea Paskazia walitoka wapi?"

"Si wa marehemu baba?"

"Wa baba yako walikwisha mwaka wa ukame. Tulibakiwa na zizi. Wale walikuwa wa Nkwabi."

"Nkwabi yupi?"

Lakini alishajua. Nkwabi wa Segese, mwenye lori la pamba. Mgane, mtu mzima, mpole, ana watoto watatu. Alikuja kwao wakati wa mavuno yaliyopita, akanywa maji, akamuuliza Coletha kama anajua kushona suruali za watoto. Coletha akasema anajua! Alijibu kwa maringo kabisa, akidhani mzee wa watu anatafuta fundi!

"Uliniuza," akasema.

"Sikukuuza. Nimekuozesha."

"Mimi sijui! Mtu anaolewaje hajui?"

"Mimi nilijulishwa niko mtoni nafua. Nikaanika nguo, nikaenda."

"Mama, mimi si wewe!"

Mkono wa Mama Stanslaus uliinuka, ukafika karibu na shavu la Coletha, ukasimama hapo. Ukashuka. Mvua ilikuwa inapiga.

"Nilitaka nikuambie baada ya nadhiri za dada yako," mama akasema. "Nikasema acha afurahi kwanza. Acha aone milima. Wazee wa Nkwabi wanakuja tukirudi."

"Kwa hiyo hii safari ndo ulikuwa unaniaga."

Na hapo chini ya miguu yao, chini kabisa, kitu kikagonga bati. Kichwa cha mtu aliyetaka kusimama haraka akasahau yuko wapi.

Jamani, wote wawili walikuwa wamesahau! Sakafu ya Konokono ni bati. Aliyelala chini yake anasikia hata kijiko kikianguka.

Felician alisimama mlangoni, nje, amelowa mpaka mifupani. Mawe yalikuwa yanamdunda mabegani. Uso aliugeuzia pembeni, kule mlimani. Hata saa ile! Hata saa ile alikuwa anamheshimu.

"Nimesikia, mama."

"Najua. Bati jembamba."

"Nipe mwaka mmoja. Nitatafuta ng'ombe, Nkwabi arudishiwe wake."

"Utawatafuta wapi, mwanangu? Huna baba, huna dada wa kuolewa, huna zizi. Padri atakupa Konokono umtolee mahari?" Alisema hivyo kwa ukali, halafu ukali ukamwishia. "Nkwabi hangoji mwaka. Ana watoto wanalala bila mama. Akidai wake leo, mimi namrudishia nini? Namtoa Paskazia na tumbo lile nampeleka kwao?"

"Mama, usimwambie hivyo!" Coletha alipiga kelele. "Unajua habari za mama yake! Ulikuwa unasikiliza kule Lusahunga, unamchoma makusudi!"

"Ndiyo, nilisikia. Na namwambia kwa sababu nilisikia."

Mama Stanslaus akaikunjua ile meza ndogo. Akaweka ugali. Akaweka bakuli la dagaa. Akachukua birika na beseni, akasogea mlangoni, mvua ikampiga usoni.

"Felician. Kama ningezaa tena ningeomba nizae wewe. Lakini mkwe siwezi kukuita, nafasi imejaa. Maneno ya vijana ni upepo, mkiniahidi leo mtatoroka kesho. Kwa hiyo sitaki uniahidi. Nataka uingie, nikunawishe mikono, ule na mimi. Basi. Ukila na mimi umekuwa mtoto wangu, na huyu ni dada yako, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayewafungia ndoa. Ukibaki nje, nitajua umekataa. Hapo tutageuza gari na nitakwenda kumwambia Paskazia afunge mzigo wake."

Coletha alimsukuma mama yake pembeni, akajitokeza mlangoni.

"Usiingie! Fely, usiingie! Baki hapo hapo! Baki kwenye mvua!"

Mpenzi gani anamwambia mpenzi wake abaki kwenye mvua ya mawe? Lakini ndo alilosema, na katika miaka yote miwili hakuwahi kumwambia neno la mapenzi kubwa kuliko hilo.

"Nitakuja mimi huko nje," akasema, analia. "Tutakaa wote chini ya gari. Tutakwenda Kibondo, tutakwenda Kigoma, popote. Fely, niangalie!"

Felician alimwangalia. Macho yote mawili safari hii, si jicho la kwenye kioo. Alimwangalia kwa muda mrefu, maji yanamtiririka kwenye kope, kama mtu anayesoma kitu ambacho kitachukuliwa.

"Anajifungua lini?" akauliza.

"Nani?"

"Paskazia."

"Wakati wowote," mama akajibu kwa sauti ndogo.

"Yule si mama yako, Fely!" Coletha akasema. "Usifanye hivyo. Yule si mama yako!"

"Si mama yangu," Felician akasema. "Ni wa huyo aliyemo tumboni."

Halafu akageuza uso. Taratibu sana, kama shingo ina kutu. Na kwa mara ya kwanza tangu Coletha amfahamu, Felician alimtazama Mama Stanslaus usoni, machoni kabisa.

Hapo Coletha alijua. Hata mguu alikuwa hajainua, lakini Coletha alijua.

Felician akavua viatu, akavipanga chini ya gari. Akakanyaga lile kasha la vifaa. Akaingia. Konokono akayumba kidogo kwa uzito wake. Akainyoosha mikono ile misafi, na Mama Stanslaus akammiminia maji, kidole kwa kidole, kama anavyonawishwa mtoto. Kijana akakata tonge. Akachovya. Akaweka mdomoni.

Alitafuna muda mrefu tonge dogo lile. Halikutaka kushuka. Mama alikula la kwake, na mama aliyeshinda ndo alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye dagaa.

"Kula, mwanangu."

"Nakula, mama."

Coletha alisimama kati ya jiko na kitanda. Hapakuwa na pa kwenda! Ukitaka kuwa mbali na mtu ndani ya Konokono, lazima utoke. Basi akatoka. Akasimama palepale Felician alipokuwa amesimama, mawe yameshageuka mvua ya kawaida, baridi, inaingia mpaka kwenye nywele.

Felician akaja mlangoni. "Ingia. Utaumwa."

"Nimezoea," Coletha akasema.

Asubuhi mbingu ilikuwa imeoshwa. Wanaume wa kijiji cha karibu walikuja na majembe na kamba, wakamsukuma Konokono akatoka, akapanda. Milima ilikuwa inang'aa. Ilikuwa mizuri kuliko jana, na Coletha aliichukia kwa hilo.

Pazia halikuwepo. Felician alilitoa alfajiri, akalikunja vizuri, akampa mama ajifunike magoti, maana kulikuwa na baridi. Na mama sasa alikuwa amekaa mbele, kiti cha pembeni ya dereva, kama mama na mwanawe wanaokwenda mnadani. Alikuwa anaongea sana. Anauliza ule mlima unaitwaje, na ule, na watu wanapandaje maharage kwenye mwinuko namna hiyo bila kuviringika. Felician anamjibu kila kitu. Anamwangalia anapomjibu. Mara moja walicheka, na wote wawili wakashtuka wenyewe.

Coletha alikaa nyuma peke yake na tenga la kuku. Mbele yake sasa palikuwa wazi, hakuna kiuwazi cha kuchungulia, angeweza kuona kila kitu: bega la Felician, sikio lake, mkono wake kwenye usukani. Akatafuta kioo. Kilikuwa kimegeuzwa, kinaangalia paa.

"Tazama, Coletha!" mama aliita. "Tazama bonde lile! Ukifika Segese utawahadithia watoto."

Hakutazama.

Barabara ikaanza kuteremka, nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu. Felician akapunguza gia. Akakohoa. Akakohoa tena, kama mtu mwenye kitu kimekwama kooni tangu jana.

"Dada," akasema, bila kugeuka. "Shikilia vizuri. Kona inakuja."

Coletha akashikilia.